Ua wa Saruji

Mwanangu wa kwanza ndiye aliyetutoa Rondo, mimi na babake, akatuweka Mitwero, pembeni mwa mji wa Lindi. Mume wangu miguu ilikuwa imevimba, na masika njia ya kule kwetu haipitiki. Sikubisha.

Nyumba ni vyumba viwili na choo cha ndani. Chini vigae, na ua wote umemwagwa saruji mpaka ukutani.

"Mama, hapa hufagii majani wala hupalilii," mwanangu akanionyesha. "Bomba hili. Duka la dawa lile pale. Adhana unaisikia. Bajaji ukiipungia mkono, mara mko hospitali."

Kweli, vyote vipo. Nikauzunguka ule ua nikitafuta udongo. Sikuuona.

"Baba yako akifa," nikamwuliza, "ufuo tutauchimba wapi?"

Ufuo ni lile shimo la kupokea maji ya kumwoshea maiti. Kwetu mtu huoshwa kwake, na watu wake, maji yakafukiwa hapo hapo.

"Siku hizi wanaosha hata hospitali, mama."

"Wanaosha kina nani? Unawajua?"

"Mama, usilete uchuro."

"Uchuro gani? Kifo hakingoji mimi nikitaje."

Alipoondoka nikamwita fundi, nikamwambia avunje saruji nyuma ya jiko, kipande kirefu, chembamba. Mume wangu akajikongoja na fimbo yake, akakaa kutazama.

"Unafanya nini, mama watoto?"

"Nataka tuta la mchicha."

Akalitazama lile tuta, akanitazama na mimi. Kisha akamwambia fundi, "Ongeza kidogo upande wa huku. Mchicha wa mke wangu una miguu mirefu."

Fundi akacheka. Mimi sikucheka.

Mwanangu alipokuja akaona saruji yake imevunjwa, akanuna. Babake akamwambia: "Mwache mama yako alime."

Mchicha umeota vizuri, maji ya bomba yapo. Ile miguu bado haijanywea. Tunapanda bajaji kwenda kliniki, tunarudi, uvimbe ule ule. Jioni anaudai mchicha wake. Nampikia kwa nazi, anausifu, anafuta sahani kwa tonge la mwisho. Mimi nikiutia mdomoni haushuki. Nala ugali wangu kwa chumvi, naye ananiona, haniulizi.