Pikapu ya Haidrojeni na Sheria Isiyokuwepo

Ndugu yangu alikuwa fundi wa mabomba katika kiwanda cha mafuta ya kupikia, huko Industrial Area. Yeye ndiye aliyenitoa kwetu kando ya ziwa akanileta Nairobi, akanilipia kozi ya kupiga chapa, akanitafutia chumba katika mtaa wa Kisumu Ndogo kwa sababu alijua huko sitakosa watu wa kuongea nao wala omena, dagaa wa kwetu, wa kununua jioni. Yeye mwenyewe aliishi Kawangware 46 na mke wake na binti yao mmoja. Nilipopata kazi katika ofisi ndogo ya kupiga chapa karibu na soko la Kawangware, nikaanza kula chakula cha mchana kwao. Ndivyo nilivyogeuka kuwa karani wake.

Kule kiwandani mafuta ya majimaji yalichanganywa na gesi ya haidrojeni ili yagande, yawe yale mafuta meupe ya kopo. Ndugu yangu alitunza mabomba ya gesi hiyo. Alituambia kwamba moto wake hauonekani mchana. Gesi ikivuja na kushika moto, mtu anaweza kutembea akauingia bila kujua. Kwa hiyo wao walipita penye mabomba wamenyoosha ufagio wa nyasi mbele yao. Ufagio ukianza kuungua hewani, hapo ndipo pana moto.

Katikati ya miaka ya tisini kiwanda kilipunguza watu, naye akapunguzwa. Akafungua gereji yake kando ya nyumba waliyopanga. Nyuma ya ukuta palikuwa na uwanja wa malori ya mchanga, na kila alfajiri madereva waliyawasha wakayaacha yangurume hadi yapate joto. Moshi uliingia vyumbani kupitia kila upenyo wa mabati. Binti yao alikuwa na kifua kibovu tangu akiwa mchanga. Mwezi wa saba wa mwaka mmoja, wakati wa baridi kali, kilimbana siku tatu, na siku ya nne tukampoteza. Alikuwa na miaka sita.

Daktari hakusema kwamba ni malori yaliyomuua. Alisema kifua kilikuwa dhaifu, na moshi haukukisaidia. Hatukuwa na uwezo wa kumsafirisha hadi nyumbani, tukamzika katika makaburi ya Lang'ata. Wifi yangu alilia mpaka sauti ikaisha. Ndugu yangu hakulia. Alirudi gereji siku ya tatu, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amenunua pikapu kuukuu ya petroli kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Machakos.

"Ya nini hiyo?" nilimuuliza.

"Nataka kutengeneza gari lisilotoa moshi," alisema. Alisema bila kuinua kichwa, kama mtu anayekuambia anakwenda kununua chumvi.

Msimamizi wake wa zamani kiwandani, aliyempenda na aliyekuja kwenye mazishi, alimwazima mitungi miwili ya haidrojeni ya kufanyia majaribio, akawa anamjazia ilipokwisha. Ndugu yangu aliifunga nyuma ya pikapu kwa vyuma alivyochomelea mwenyewe, akavuta bomba la shaba hadi kwenye injini, akabadilisha kabureta mara sijui ngapi. Miezi minne injini ilikohoa na kupiga milio kama ya bunduki, majirani wakilalamika. Kisha siku moja saa ya chakula cha mchana ikawaka na ikatulia. Aliniita nikaja mbio. Alichukua sahani ya bati, akaishika nyuma ya bomba la ekzosi, kisha akanionyesha. Ilikuwa imelowa matone ya maji.

"Hayo ndiyo yanayotoka kwa wingi," alisema. "Maji."

Wifi alikuwa mlangoni. Aliitazama ile sahani, akaingia ndani.

Mtungi mmoja uliifikisha pikapu mpaka Riruta na kurudi, na safari nyingine fupi kama hiyo, basi. Hata hivyo ndugu yangu alijua kwamba kiwandani gesi inayozidi huachiliwa hewani kupitia bomba la paani, na aliamini wangeweza kumpa hiyo. Msimamizi alimpeleka kwa mkubwa wa kiwanda. Mkubwa alimsikiliza vizuri, akamwambia, "Sikatai. Lakini niletee karatasi ya serikali inayosema gari hilo linaruhusiwa barabarani. Bila hiyo, likilipuka ni mimi nitakayefungwa."

Hapo ndipo barua zilipoanza. Nilizipiga chapa saa ya mchana, kwa karatasi ya kaboni, ili abaki na nakala.

Ofisi ya kwanza ilikuwa ya ukaguzi wa magari. Nilikwenda naye. Mkaguzi aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo kutoka Kitui, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Alichukua fomu, akajaza namba ya usajili, rangi na uzito, akafika penye aina ya mafuta. Kulikuwa na visanduku viwili: petroli na dizeli. Aliishika kalamu hewani.

"Bwana fundi, niandike nini hapa?"

"Haidrojeni."

"Hakuna."

"Ongeza kisanduku, mkubwa."

"Mimi siongezi visanduku. Mimi hujaza." Hakusema kwa dharau. Alifungua kabati, akatoa kitabu cha sheria za barabara, akakipekua mbele yetu ukurasa kwa ukurasa. "Hakuna mahali inakataza gari kama lako," alisema mwishowe, "na hakuna mahali inaliruhusu. Nikilipitisha nitakuwa nimetunga sheria, na mimi si Bunge. Nendeni ofisi ya viwango. Wakisema mitungi hiyo ni salama kwa gari, rudini."

Ofisi ya viwango walituambia wao hupima kitu kwa kipimo kilichokwisha kuandikwa, na kwa mitungi ya haidrojeni ndani ya gari hakuna kipimo. Tuombe wizarani kiandikwe. Wizarani karani alitujibu kwa barua kwamba kipimo huandikwa kwa ajili ya magari yaliyokwisha kupita ukaguzi. Nilipoisoma barua hiyo kwa sauti, ndugu yangu alisema, "Isome tena." Nikaisoma tena. Ilikuwa inasema vilevile.

Aliandika pia kuomba asitozwe ushuru wa valvu mbili alizotaka kuagiza kutoka nje, kwa kuwa ni za gari lisilochafua hewa. Afisa mmoja wa ushuru alitupokea akamwuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kila lita ya petroli inayouzwa nchini ina pesa kidogo za kutengeneza barabara ndani yake. Wewe hutanunua petroli. Barabara utailipia vipi?"

Ndugu yangu alifikiri. "Nitailipia kwa njia yoyote mtakayoiandika."

"Hatujaiandika."

"Basi iandikeni. Na mnapoiandika, pimeni pia moshi. Yule anayetoa moshi analipia nini?"

Afisa alicheka kidogo, akaona ndugu yangu hacheki, akaacha. Valvu zilitozwa ushuru wote, na ndugu yangu akashindwa kuziagiza. Aliendelea na zile za zamani alizozikarabati.

Mwaka uliisha hivyo. Wifi alizungumza kidogo sana siku zile. Mara moja, tukichambua sukuma, aliniambia, "Ndugu yako ana gari. Mimi sina hata mtu wa kukaa naye." Niliendelea kuchambua.

Niliandika barua moja bila kumwambia ndugu yangu, kwa yule mkaguzi wa Kitui. Sikuomba kibali. Niliomba aje aione tu, na nikamweleza habari za mtoto. Wiki mbili baadaye alikuja mwenyewe, siku ya Jumamosi, bila sare, amebeba daftari.

Ndugu yangu alivaa ovaroli safi. Aliiwasha pikapu, ikakubali, ikanguruma kwa utulivu. Mkaguzi aliizunguka, akagusa vyuma vilivyoshika mitungi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasogea mbele, akainama karibu na injini akiandika. Injini ikapiga mlio mmoja mkubwa, kisha ikaendelea kama kawaida. Sikuona kitu. Mkaguzi hakuona kitu. Ndugu yangu alikunja uso.

"Usisogee, mzee," alisema. "Simama hapo hapo."

Alichukua ufagio, akaunyoosha polepole kando ya bomba la shaba, kati ya injini na mahali alipokuwa mkaguzi. Ncha za nyasi zilianza kuwa nyeusi, zikashika moto hewani, hatua moja kutoka kwenye goti la yule mtu. Ndugu yangu alimsukuma kwa bega, akazunguka nyuma mbio akafunga mtungi. Injini ikafa. Tuliposogea tulikuta ngozi ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto wa ndugu yangu imebabuka. Alikuwa ameupitisha mkono ndani ya moto bila kuuona.

Wifi alitoka na karai la maji, akaushika mkono wake akauzamisha, akaushikilia humo.

Mkaguzi aliketi kwenye tairi. "Ningeweza kukupitisha leo," alisema. "Nilikuja nikiwa nimeshaamua kuandika kitu, hata kama ningefukuzwa. Barua ya dada yako ilinikosesha usingizi." Alilifunga daftari lake. "Kama ningekupitisha, ungempakia nani kwenye gari hili?"

"Watoto wa shule," ndugu yangu alisema. "Niliwaza watoto wa shule."

Ndipo akalia. Alilia mkono ukiwa karaini, kwa sauti, mbele ya mgeni na majirani waliokuwa wanachungulia. Wifi hakuuachilia mkono wake.

Jumatatu yake, mkono ukiwa umefungwa bandeji, alimlipa fundi mwenzake aishushe mitungi, ikarudishwa kiwandani. Pikapu ilirudishiwa kabureta yake ya petroli. Mkaguzi alitimiza ahadi aliyoitoa alipoondoka: aliandikia wakubwa wake ripoti, akisema gari la namna hii linawezekana, lina faida na lina hatari, na kwa sababu zote mbili lahitaji kuandikiwa sheria. Aliniletea nakala ofisini. Ilikuwa ripoti nzuri. Singebadilisha hata neno.

Jibu lilichukua miezi mingi. Lilikuwa na aya moja. Lilisema kwamba pendekezo limepokelewa kwa shukrani, lakini kwa kuwa hakuna gari la aina hiyo nchini, hakuna haja ya sheria kwa sasa. Nilimpelekea ndugu yangu nikiogopa. Alisoma amesimama, akalikunja, akalitia mfukoni mwa ovaroli.

"Wamesema nini?" wifi aliuliza.

"Wamesema hakuna gari kama hilo. Na ni kweli, halipo."

Wifi aliifuta mikono yake kwenye leso. "Sasa basi umemaliza," alisema. "Nipeleke Lang'ata. Tangu tumzike hujawahi kunipeleka."

Walikwenda Jumapili baada ya kanisa, kwa pikapu ile ile, nami nimekaa nyuma nimeushika msalaba wa chuma alioutengeneza ndugu yangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Tulipata shida kulitambua kaburi. Majani yalikuwa yamefika magotini, na pembeni palikuwa pamechimbwa mengine mengi tangu tuondoke. Wifi ndiye aliyelitambua. Alipiga magoti akaanza kung'oa majani kwa mikono, na ndugu yangu akapiga magoti upande wa pili, akang'oa kwa mkono wake mzima na ule wenye kovu.

"Angekuwa darasa la pili sasa," wifi alisema.

"La tatu."

"La pili, baba yake. Alianza shule akiwa amechelewa. Umesahau alivyokuwa mgonjwa?"

"Sijasahau," alisema ndugu yangu. "Nihesabie tena."

Wakaanza kuhesabu pamoja, mwaka mmoja mmoja, tangu siku aliyozaliwa. Niliwaacha nikaenda kumtafuta mlinzi wa makaburi atuazime jembe.