Baba Alipoingia Chama cha Nyoka

Nilipokuwa mtoto, umri wa kutumwa chumvi dukani na kurudi nimeilamba nusu, baba yangu aliokolewa na watu ambao mtaa wetu wa Katindiuka uliwaogopa kuliko nyoka wenyewe.

Tulikuwa ng'ambo ya mto tukivuna mpunga. Kifutu akamuuma baba juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mto ulikuwa umejaa, kivuko hakivuki, na hospitali ilikuwa upande ule mwingine, ya kuonekana kwa mawazo tu. Aliyefika ni Luhende, mfugaji wa Kisukuma ambaye baba alikuwa ametoka kumtukana siku chache kabla, ng'ombe wake walipoingia kwenye mpunga wetu. Hakutaja ng'ombe, hakutaja matusi. Alimchanja baba chale, akatafuna mzizi, akautema juu ya jeraha. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya dagaa:

"Bhabha, ukipona kwa dawa hii, wewe ni mwenzetu. Mavuno yakiisha utakuja porini tukuingize."

Baba akakubali. Mtu mwenye mguu uliovimba kama gunia habishani na masharti.

Hicho ndicho watu walichokiita chama cha nyoka. Wenyewe walikamata nyoka kwa mikono, walicheza nao ngomani, na walitibu walioumwa. Mambo ya kuingizana yalifanyika porini na hayakusimuliwa, na kwa kuwa hayakusimuliwa, sisi wengine tuliyajua yote. Tulijua kwamba mgeni hulazwa kitanda kimoja na chatu. Tulijua kwamba hunyweshwa sumu kwenye kibuyu. Zaidi ya yote tulijua kwamba kila anayeingia hutoa mtu mmoja wa nyumbani kwake.

Bibi, mama yake baba, alimfuata hadi mlangoni siku alipokuwa anaondoka.

"Pius, usiende. Wale hawampi mtu kitu bure. Watakuja kuchukua mtu humu ndani."

"Mama, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachukuliwa."

"Basi si ungechukuliwa wewe!" Akasema hivyo, kisha akaziba mdomo kwa khanga.

Baba alirudi amenyolewa kipara, ana chale mpya mikononi. Akala, akauliza habari za kuku. Mama akamwuliza, "Wamekufanya nini huko?"

"Wameniingiza."

Ndiyo ikawa hotuba nzima.

Kazi ya kunifafanulia mimi aliichukua jirani yetu, Mama Gaudensia, mwanamke mwenye huruma sana na mdomo usio na mlango. "Mwanangu, hutolewa yule anayependwa. Huoni baba yako anavyokukatia wewe kichwa cha kambale? Sali sana."

Nikasali, lakini nikaona nimsaidie Mungu kidogo. Niliamua baba asinipende. Nilimwaga maji yake ya kuoga. Nilificha kandambili yake moja, nikamwachia nyingine ili aumie vizuri. Siku moja nilisimama katikati ya uwanja nikamwita kwa jina lake kavu, "Pius!" Mama alinitandika. Baba alicheka hadi akakaa chini, na kila alipocheka mimi niliona kaburi langu linaongezwa kina.

Baadaye hofu ikatulia yenyewe. Haikuondoka, ilikufa ganzi, kama mkono uliolaliwa. Nilikwenda shule, nikateka maji, nikacheza rede, lakini kama mbuzi ambaye ameshauzwa ila mnunuzi hajaja na kamba.

Mvua zilipoanza, homa ikamshika Remi, mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya. Mama alimkimbiza hospitali akiwa mgongoni, na alasiri akarudi amembeba mbele, amefunikwa uso. Nilikuwa uwanjani napepeta mchele. Wazo langu la kwanza lilikuwa: kumbe si mimi. La pili halikuja. Niliendelea kupepeta mpaka mtu akaninyang'anya ungo.

Majirani walikuja, maana kutokuja msibani ni tusi. Walikaa, waliimba, walilia. Chakula kilipotengwa, hakuna aliyenawa. Vijana wa kuchimba kaburi waligundua ghafla kwamba majembe yao yote yana mipini mibovu. Tukawa tunakodolea macho sinia za wali zinazopoa.

Ndipo Luhende akaja na wenzake. Waliwasalimia wakubwa, wakavua mashati, wakachimba. Mama Gaudensia akawaambia waliokaa karibu naye, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Mmeona? Wamefuata chao."

Balozi wetu wa nyumba kumi akasimama. Hakuwa mtu mbaya.

"Pius, ndugu yangu, hatuna ugomvi na wewe. Sema tu mbele yetu, kule porini uliapa nini. Ukisema, tunanawa, tunakula, yanaisha."

Bibi akasema, "Sema, mwanangu." Mama akainua kichwa. "Baba Remi, sema."

Baba alimtazama mama.

"Wale walinipa mguu wangu," akasema. "Wakaniomba mdomo tu, niufunge. Siwezi."

Watu wakakung'uta khanga zao, tayari kuondoka. Bibi ndiye aliyenyanyuka, yeye aliyeonya kabla ya wote. Akanawa, akakaa mbele ya sinia peke yake, akaanza kula, taratibu, kama mtu anayetumikia adhabu. Hakuna aliyemfuata, isipokuwa mimi. Ningependa kusema nilikula kwa upendo au kwa ujasiri. Nilikuwa na njaa.

Leo nikisimulia, watu huuliza kama onyo la bibi lilitimia. Alisema mtu atatoka, na mtu akatoka. Lakini mvua zile zile Mama Gaudensia alizika mjukuu, homa hiyo hiyo. Tulikwenda kwake, tukanawa, tukala, na hakuna aliyemwuliza aliapa nini.

Miaka ikapita, watu wakarudi kula kwetu kidogokidogo, bila kutangaza. Baba alizeeka nikamwuguza mwenyewe. Jioni moja akili yake ilikuwa safi, tuko wawili tu, na swali likanifika kwenye ulimi. Angesema huko porini hakukuwa na kitu, ni nyimbo na mizizi tu, basi mama alikaa siku ile mbele ya chakula kisicholiwa kwa ajili ya nyimbo na mizizi. Angesema kulikuwa na kitu, basi ningelazimika kumwuliza ni kitu gani.

Nikamwuliza kama anataka uji. Akasema anataka, usiwe na sukari nyingi.