Wimbo wa Matuta Mbele ya Bwana Shauri

Mama mkwe wangu alikuwa mfinyanzi, na tena alikuwa mwenye sauti. Iwe ni kulima, ni harusi au ni msiba, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo na sisi wengine tukaitikia. Pale kijijini kwetu Malindi, ile ya milimani na si ya pwani, hakuna mwanamke aliyethubutu kuanzisha wimbo yeye akiwapo. Mwanawe, mume wangu, alikuwa karani wa boma Lushoto. Wazee walipozungumza Kishambaa barazani, yeye ndiye aliyemfasiria Bwana Shauri. Huyo Bwana Shauri, Mwingereza aliyeshika wilaya nzima, alijivunia sana Kiswahili chake, ila Kishambaa kilimshinda.

Mimi nilikuwa mke mpya, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa bado changa. Siku zile kila kitu kilinitia kichefuchefu, hata harufu ya moshi wa jikoni. Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa mimba.

Serikali ilikuwa imetuamuru tuchimbe matuta katika kila shamba la mlimani, ili mvua isichukue udongo. Kwa maneno, amri ile waliambiwa wanaume. Kwa jembe, tuliipata sisi wanawake. Tulichimba asubuhi, tukarudi jioni tumechoka, na kesho yake Bwana Shamba akapita akasema matuta yamepinda. Ambaye hakuchimba aliitwa mbele ya zumbe, chifu wetu, na alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Mahindi yenyewe yalichelewa kupandwa mwaka ule.

Katikati ya mambo hayo tukatangaziwa maonyesho kwenye uwanja wa boma. Kila kijiji kilete kazi zake za mikono na ngoma zake. Zumbe akaagiza vyungu vya mama mkwe viwekwe mezani, na mama mkwe mwenyewe aongoze wanawake wa Malindi kuimba.

Tulifanyia mazoezi bondeni, kwenye kijito tulikochimba udongo wa kufinyangia. Wimbo ulikuwa wa mavuno, tuliujua sote. Siku moja mama mkwe, mikono yake ikiwa bado na udongo hadi kwenye viwiko, aliongeza ubeti ambao hatukuwahi kuusikia. Kwa Kiswahili ungekuwa hivi:

Mlima mmeuvisha shanga,
kiuno kilichovunjika ni changu.
Watoto wanalia njaa,
Bwana, shanga hailiwi.

Na sisi tuitikie: kiuno changu, kiuno changu.

Shanga ndiyo yale matuta yaliyouzunguka mlima, na wanawake walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mimi nilicheka pamoja nao, kisha nikakumbuka ni nani atakayesimama kando ya Bwana Shauri siku hiyo na kuulizwa maana ya wimbo.

Jioni nilimweleza mume wangu. Hakumaliza kula. Alivaa koti lake akaenda nyumbani kwa mama yake, nami nikamfuata nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja umekunja uso?"

"Mama, ule ubeti wa shanga. Nakuomba usiuimbe pale bomani."

Mama mkwe alikuwa akilainisha mdomo wa chungu kwa kipande cha kibuyu. Hakuinua macho. "Ubeti una uongo gani?"

"Hauna uongo. Ndiyo maana naogopa. Nitafasiri nini mimi? Nikisema kweli, utakamatwa. Nikisema uongo nikajulikana, nitafukuzwa kazi, na mkeo huyu unamwona hali yake."

Kwetu mama mkwe huweza kumwita mke wa mwanawe mke wake, na mwana naye humwambia mama hivyo hivyo. Mama mkwe aliponiangalia niliona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma mwanawe.

"Nimekusikia," alisema.

Njiani mume wangu akaniuliza, "Amekubali?"

"Amesema amekusikia."

"Kusikia si kukubali," alisema, akaongeza mwendo.

Siku ya maonyesho tulishuka Lushoto na ukungu, vyungu vichwani vimefungwa kwa majani makavu ya migomba. Wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nilikuwa nikimtazama mama mkwe kisogoni, nikijaribu kusoma nia yake katika mwendo wake. Alitembea kama anayekwenda sokoni.

Uwanjani palikuwa na meza ndefu zilizofunikwa vitambaa vyeupe. Juu yake walipanga mikeka, vikapu, vigoda vya kuchonga na vyungu vyetu. Watu walipita wakitazama vitu ambavyo kila mmoja anavyo nyumbani, mikono nyuma, kama walioambiwa wasiguse. Chini ya turubai alikaa Bwana Shauri, kushoto kwake zumbe, na kulia kwake padri mmoja Mzungu, mzee sana, aliyeishi milimani tangu ujana wake. Mume wangu alisimama nyuma yao. Nilipomwona padri nilijua kwamba uongo wa kufasiri hautapita. Yule mzee alihubiri kwa Kishambaa, na alikijua kuliko vijana wetu wa shule.

Zamu yetu ilifika. Tuliimba beti za mavuno, tukapigiwa makofi. Nikashusha pumzi. Nikaona mume wangu naye ameshusha mabega. Ndipo mama mkwe akasonga mbele, akaangalia chini kidogo kama kawaida yake kabla ya kuanza, akautoa ubeti wa shanga.

Hakuna aliyeitikia. Wale waliocheka kijitoni walikuwa wamekauka. Aliimba mara ya pili, peke yake, na sauti yake ilitetemeka mwishoni. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nilikuwa na hofu kuliko wote pale. Lakini kumwona mama yule amesimama katikati ya uwanja, ameachwa na wenzake, kulinichoma kuliko hofu. Nikaitikia: kiuno changu. Mwingine akafuata, kisha wote, na watu waliosimama kando wakapokea, hadi uwanja mzima ukawa unaitikia.

Bwana Shauri alitabasamu, akageuka. "Karani, wanasema nini?"

Mume wangu alijibu bila kunitazama. "Wanasema mlima umependeza, Bwana, kama mtu aliyevaa shanga."

"Vizuri sana!" Kisha akamwelekea padri. "Ndivyo, padri?"

Nilishika tumbo langu.

"Ndivyo wimbo ulivyosema," padri alijibu kwa Kiswahili. "Lakini karani hakumaliza."

Bwana Shauri alimgeukia tena mume wangu. Naye angeweza kusema lolote. Akanyoosha mgongo, akafasiri yote, neno kwa neno, kiuno na njaa na shanga isiyolika, kwa sauti ile ile aliyoitumia barazani kila siku.

Bwana Shauri akamnyooshea mama mkwe kidole. "Mwanamke huyu ni nani?"

"Ni mama yangu mzazi, Bwana."

Bwana Shauri aliinuka, akaenda kwenye meza, akainua chungu kimoja, akakigeuza, akakirudisha mahali pake. Ngoma ya kijiji kingine ikaitwa.

Siku zilizofuata, kila mbwa aliyebweka nilidhani ni askari. Mama mkwe alifunga nguo za kubadili katika kitambaa, akakiweka mlangoni, tayari kuchukuliwa. Hakuna aliyekuja. Badala yake mume wangu alirudi siku moja akaniambia amehamishwa kwenda Muheza, na aondoke kabla ya wiki kwisha. Hakupewa sababu, naye hakuuliza.

Nilimuuliza mama mkwe kama padri alitaka kutuumiza. Alifikiri kidogo. "Yule alijifunza lugha kwa mama zetu. Havumilii kuisikia ikikatwa katikati. Hakufikiri zaidi ya hapo."

Muheza kulikuwa na joto na mbu, na machungwa tele. Mtoto wetu alizaliwa huko, mama mkwe akaja kumwona. Yeye na mwanawe walisalimiana, wakaketi. Hatimaye mama mkwe alisema kwamba wanawake wa Malindi sasa wanauimba wimbo ule mashambani kila siku, na wameuongezea beti. Mmoja unamhusu karani.

"Unasema nini?" mume wangu aliuliza.

"Sitaki kukuudhi."

"Imba, mama."

Akaimba, polepole, mtoto akiwa mapajani. Ulisema karani alikuwa na kinywa kimoja na mabwana wawili, na siku ile alimchagua mama. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, uso ameuelekeza barabarani, akitazama kama kuna mtu anayepita na kuusikia.