Fundi na Swali la Mantiki

Fundi cherehani wa Ng'ambo ana shahada moja na anaitaka ya pili. Hesabu za mtihani wa kuingia uzamili huzikokotoa kwa chaki juu ya vitambaa vya wateja, midomo ikimcheza. Sikuzani, aliyekuja mara ya tatu kufuata gauni la kuvaa kesho kwenye harusi ya mdogo wake, alimkuta ameshika kitabu cha mtihani, akisoma swali kwa sauti: “Mafundi wote hutimiza ahadi. Mabruki ni fundi. Je, Mabruki hutimiza ahadi?”

“Thubutu!” akasema Sikuzani.

“Kimantiki, dada yangu, jibu ni ndiyo.”

“Haya, na gauni langu litakwisha lini?”

Fundi akakuna kichwa. “Taarifa zilizotolewa hazitoshi kupata jibu.”

Sikuzani akakitia kitabu mkobani. “Utakipata gauni likiisha.”

Kabla ya magharibi, gauni lilikuwa limekwisha pigwa pasi.