Uwanja wa Ndege Alioujenga Baba Yangu

Mimi ni fundi wa makochi hapa Nyakabanda. Kazi yangu ni kushindilia sponji na kufunika kwa kitambaa kizuri usione mbao mbovu zilizo ndani. Labda ndiyo maana dada yangu Générose alinichagua niwe msemaji wetu siku tulipokwenda kumposea mwanawe Achille. Mdomo ninao, namshukuru Mungu. Breki ndizo sina.

Posa za huku zina mchezo wake. Wenye binti wanakutania, wanakukatalia, wanajifanya hawakujui. Nawe unatunga udugu wa tangu enzi za mababu mpaka walegee. Uongo huo hauna dhambi, hata padri huucheka. Ila ukishautamka mbele ya watu, huo ndio udugu wenu. Ukiukana, umelikana na ombi lako.

Msemaji wao, Johnson, mzee aliyekulia Uganda, akaniuliza, "Ninyi ni nani hata tuwape Ingrid wetu?"

Nilikuwa nimesikia kwamba kwao Ingrid ni kwenye kile kilima chenye uwanja wa zamani wa ndege za jeshi. Basi nikasimama, nikakohoa kama mheshimiwa, nikawapa historia ya uwanja. Nikasema ulichimbwa enzi za Wabelgiji, kwa majembe na vikapu. Baba yangu ndiye aliyekuwa nyapara, akipima kwa kamba mahali pa kurukia ndege, na babu yao ndiye aliyemletea maji ya kunywa. Ndege ya kwanza ilipotua, ng'ombe walitimkia bondeni, na wazee wetu wakawafuata wameshikana mikono. Watu wakapiga makofi. Nami, mpumbavu, nikaitua na ndege ya pili.

Ukweli ni kwamba marehemu baba aliuza mandazi Buyenzi, kule Bujumbura, na ndege aliziogopa hata zikiwa mbali angani.

Ndipo bibi yake Ingrid, Mukantwari, alipoinua fimbo yake. Kwa desturi bibi haingilii wasemaji, hivyo Johnson akampisha.

"Kumbe ni baba yako," akasema taratibu. "Alikuja na kamba, akaipitisha katikati ya mtama wetu. Nyumba ikabomolewa. Kaburi la mama yangu liko chini ya ile lami mpaka leo. Sasa mjukuu wangu nimpeleke kwa watoto wa mtu huyo?"

Hakuna aliyecheka. Achille akaniangalia kwa namna ambayo sitaki kuangaliwa tena. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na yangu iliishia hapo mkekani. Nikisema nilitunga, udugu umekufa na tunarudi na kreti zetu za soda. Nikinyamaza, Ingrid anabaki kwao. Niliona haya, haya ya kweli, siyo ya mchezo.

Nikapiga magoti. "Bibi, baba yangu alikosa. Alipaswa kuja kuwauliza kwanza, na hakuja. Poleni kwa nyumba. Pole sana kwa mama yako. Mimi mtoto wake naomba radhi." Nilikuwa namsingizia mtu ambaye hakuwahi kumbomolea jirani hata banda la kuku. Anisamehe huko aliko.

Bibi akaishusha fimbo yake. Kisha akamwambia Johnson, "Wapeni mtoto."

Wakati wa kula akaniita. Nikaenda na sahani mkononi, tayari kutubu kila kitu.

"Usinieleze," akasema. "Yule mwenye kamba nilimwona mwenyewe, nikiwa mtoto. Alikuwa mzungu. Baba yako simjui."

"Sasa, Bibi, kwa nini umenipigisha magoti?"

Akachukua kipande cha nyama kwenye sahani yangu bila kuomba.

"Tangu tutolewe pale wamepita wakubwa, wamepita askari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia pole. Nimezeeka nikiisubiri, mwanangu. Leo imeletwa na mwongo. Nimeipokea hivyo hivyo."