Leo nimempiga mwalimu wa nidhamu mbele ya wazazi wote

Nimempiga, ndiyo, na mkono huu bado una nguvu!

Sikilizeni. Nilikwenda kikao cha shule hapa kwetu Handeni kupinga hili baraza la wanafunzi. Mtoto aongee nini mbele ya wakubwa?

Akasimama mwenyekiti wao, binti wa darasa la sita, mjukuu wa jirani yangu.

"Shikamooni wazee. Tunaomba tusipigwe kichwani. Mwenzetu mmoja sikio halisikii tena."

Mwalimu wa nidhamu akaruka. "Nani kakutuma wewe?" Akamzaba kofi palepale. Binti akaangukia dawati, damu puani.

Jamani, hata sikumbuki nilisimama saa ngapi.

Nilimchapa fimbo ya bega, nikaongeza ya mgongo, akapiga magoti. Viti vikaruka. Vijana wakanishika, nikawakung'uta kama vumbi. Nikainua fimbo nimalizie kichwani.

Yule binti akaidaka.

"Babu, kichwani hapana. Hata yeye. Nipe fimbo, sijamaliza kuongea."

Sasa, sisi wafugaji, anayeongea kikaoni ndiye anayeshika fimbo.

Nikampa. Nikakaa. Mimi, ambaye hakuna mwanaume wilaya hii aliyewahi kunikalisha!

Akaongea mpaka mwisho, huku anafuta damu kwa mkono wa sweta. Kura za kulikubali baraza zilipopigwa, mkono wangu ndio ulitangulia juu.

Kesho naitwa polisi. Nitakwenda, na nitasema nimempiga.

Wazee wenzangu, ninyi mngemnyima fimbo?