Siku Tatu za Kununua Pikapu

Niliwahi kununua gari jipya kwa bei nzuri. Wazee wenzangu wa Subukia bado wananisifia kwa hilo, na kila wanapoanza mimi hutafuta sababu ya kuondoka. Leo nitasema ilivyokuwa. Nimenyamaza vya kutosha, na kunyamaza ndiko kulikoniponza.

Miaka ile ya hamsini ilipokuwa ikielekea kuisha, nilikuwa seremala. Nilijenga maghala ya mahindi na mabanda ya ng'ombe katika mashamba ya wazungu, kuanzia Subukia hadi Kabazi. Kwetu ni magharibi, mimi na mke wangu, na watoto wetu wawili wa kwanza walifia njiani kabla ya kuuona mwanga wa hospitali. Mkunga wetu alikuwa amesema wazi kwamba nyonga za mke wangu ni nyembamba na anahitaji daktari. Daktari alikuwa Nakuru, na gari la kumfikisha huko lilikuwa lori la maziwa, ambalo lilirusha watu kama mahindi kwenye ungo. Mke wangu aliposhika mimba ya tatu, niliapa kwamba huyu hatapandishwa lile lori.

Gari kuukuu sikulitaka. Nilikuwa nimeyaona ya wenzangu yakisukumwa kwenye matope, na mwanamke mwenye uchungu hawezi kungoja watu wasukume. Nilitaka pikapu mpya, na pesa nilikuwa nazo karibu zote. Zilizopungua aliniongezea ndugu yangu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi ya reli pale mjini Nakuru, kwenye duka la magari. Aliuza fahali wawili nyumbani. Fahali wale walikuja na mdomo wake.

Ndugu yangu ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo wetu katika mambo ya mahari. Alikuwa na kipaji, siwezi kumnyima haki hiyo. Na kwa kuwa alijua njia moja tu ya kupatana bei ya kitu kikubwa, tulikwenda kununua gari kama watu wanaokwenda kuposa. Wazee wawili wa kwetu walivaa makoti wakatufuata. Kwenye mapatano ya mahari, kijana anayeoa hafungui mdomo. Anakaa pembeni, anatazama chini, wakubwa wanamsemea. Basi mimi, mtu mzima mwenye pesa zangu kifuani chini ya shati, nikawa bwana harusi.

Siku ya kwanza hatukutaja gari. Muuzaji, Mhindi mmoja mpole mwenye miwani, alitukaribisha na kuuliza tunatafuta nini.

"Sisi tunapita tu," ndugu yangu akamwambia. "Tumekuja kuwajulia hali."

Akaongea juu ya mvua. Akauliza habari za wazazi wa yule Mhindi, na kama duka lina amani. Pikapu ilikuwa hapo hapo mbele yangu, ya kijivu, inanukia rangi, bei yake imebandikwa kwenye kioo. Tukaaga tukaondoka.

Nilipofika nyumbani, mke wangu alichungulia nyuma yangu barabarani. "Iko wapi?"

"Bado tunaongea."

"Kwani fundi, mnataka kuioa?" Alicheka mpaka akashika tumbo. Aliniita fundi siku zote, kama wateja wangu.

Tulirudi baada ya wiki moja. Siku hiyo ya pili ndugu yangu aliiponda ile pikapu kama inavyopasa, kwamba magurudumu yake ni membamba, kwamba uso umekunjamana, na nani anajua huko ilikotoka ilifanyaje kazi. Mhindi alicheka, akashusha kidogo. Ndugu yangu akasema tutakwenda kufikiri. Nilijua atasema hivyo, maana siku ya pili hakuna anayekubali.

Safari hii mke wangu hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba.

"Walipe wanachotaka," akaniambia. "Tumbo limeshuka."

"Jumanne tunamaliza. Jumanne nitakuja na gari."

"Kweli?"

"Kweli. Ningoje."

Hilo neno la mwisho nalijutia kuliko yote niliyowahi kusema.

Jumanne niliondoka alfajiri kwa lori la viazi, na duka lilipofunguliwa saa mbili tulikuwa mlangoni. Mhindi alitaja bei ambayo kwangu ilikuwa zawadi. Ndugu yangu akainuka, akafunga vifungo vya koti.

"Tunakwenda kunywa chai kwanza."

Yule muuzaji akamwacha, akanigeukia mimi. Alikuwa amekwisha kuelewa.

"Fundi, hii pesa ni yako, hapana? Wewe sema. Unataka gari leo, ama hutaki?"

Wazee wote watatu walinitazama. Bwana harusi akisema, amewaaibisha watu wake, na ataambiwa hivyo mpaka uzeeni. Nilizigusa noti zangu kupitia shati. Ningeweza kuzitoa pale pale na kuziweka mezani. Nikatazama magurudumu.

Tulikaa hotelini karibu na soko mpaka saa sita na nusu. Tulikula chapati. "Mwacheni aive," ndugu yangu alisema kila nilipojaribu kuinuka, "wewe kaa, ndugu mdogo, haya mambo huyajui." Nami nikakaa. Niliagiza hata chai ya pili.

Tuliporudi, Mhindi alikuwa amechoka na anataka kwenda kula. Akakata shilingi mia nne zaidi. Ndugu yangu akampa mkono, wazee wakapiga makofi, nami nikalipa. Kuendesha nilijua, nilijifunzia kwenye lori la mzungu mmoja wa Kabazi. Tulipopita Bahati, ndugu yangu alikuwa ameegemea dirisha akiwapigia watu kelele kwamba mtoto wa kwao amemshinda Mhindi. Nilikuwa nikipiga honi na kucheka. Lazima niliseme hilo, kwamba nilicheka.

Tulifika saa tisa. Mkunga alikuwa mlangoni, hakuja kuitazama pikapu.

Alinieleza yote tukiwa tumesimama. Uchungu ulimshika mke wangu muda mfupi tu baada ya mimi kuondoka. Saa tatu lori la maziwa lilipita, dereva akashuka mwenyewe, akamwambia, "Panda mama, leo naenda polepole." Akakataa. Alisema mume wake yuko njiani na gari jipya. Alikwenda mpaka barabarani, akashika mti wa ua, akasimama akitazama upande wa Bahati mpaka miguu ikakataa. Wanawake walimrudisha ndani wakimbeba. Mtoto alitoka saa saba, akalia mara moja, sauti ndogo, kisha basi.

Nimeipiga hesabu hiyo kwa miaka yote hii. Duka lilifunguliwa saa mbili. Ningelilipa saa mbili na nusu, saa nne na kitu ningekuwa nimefika, na kabla ya saa saba tungekuwa Nakuru kwa daktari. Wakati mwingine najiambia kwamba pengine hata huko angekufa. Siliamini.

Ndugu yangu alikaa chini kwenye ngazi ya nyumba, koti na yote, akaanza kulia kwa sauti. Mimi niliingia ndani. Mke wangu alikuwa amelala, amegeukia ukuta. Kando yake palikuwa na kitambaa kilichokunjwa. Nilipiga magoti.

Yeye ndiye aliyesema, bila kugeuka.

"Nimesikia honi."

"Ndiyo."

"Mmepunguziwa?"

"Ndiyo."

"Ngapi, mara ya mwisho?"

Siku tatu nzima za mapatano sikuwa nimetamka bei hata mara moja. Mara ya kwanza kufungua mdomo wangu nilimtamkia yeye.

"Mia nne."

Kisha akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya kile kitambaa.

"Alikuwa msichana," akasema.